Mgao, klabu au mnada: njia ipi ya kununua mvinyo adimu wa California

Pipa la kawaida la mwaloni hubeba lita 225. Ukiumimina mvinyo wake kwenye chupa za mililita 750 unapata chupa 300, yaani katoni 25 za chupa kumi na mbili. Kiwanda kidogo cha Sonoma, California, chenye mapipa 8 ya Pinot Noir (mvinyo mwekundu mwepesi wa zabibu za jina hilo) kutoka shamba moja kina chupa 2,400 za kuuza kwa mwaka mzima, na zikiisha zimeisha. Hesabu hiyo ndogo ndiyo mama wa yote yanayofuata hapa: kwa nini mvinyo huo huuoni kwenye rafu za duka, kwa nini watu huandikisha majina wakasubiri, na kwa nini chupa ile ile inaweza kukugharimu bei tatu tofauti kutegemea umepitia mlango gani.

Milango yenyewe ni mitatu. Kuna orodha ya mgao: kiwanda kinakuandikia mara moja au mbili kwa mwaka na kukutajia chupa ulizotengewa; ukitaka unanunua, usipotaka unaacha. Kuna klabu ya kiwanda: kadi yako inakatwa pesa kila msimu na mzigo unakuja bila wewe kuagiza. Na kuna soko la pili, yaani maduka yanayokusanya mvinyo adimu pamoja na nyumba za mnada, ambako chupa mara nyingi imekwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine. Tunamwandikia hasa Mswahili aliyeko Marekani, kwa sababu utaratibu huu ni wa huko, sheria zake ni za huko, na makosa yanayomtia hasara mnunuzi mgeni ni ya huko.

Mgao ulitoka wapi

Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, majimbo yaliipanga biashara ya pombe kwa ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, mwenye duka humuuzia mnywaji. Kila ngazi ina chake. Mtengenezaji akipitia njia hiyo, kinachomfikia ni karibu nusu ya bei ya rafu. Mwenye katoni elfu hamsini anaweza kuishi na nusu hiyo. Mwenye katoni 200 hawezi, na msambazaji mwenyewe hana haja naye, kwa sababu katoni 200 hazitoshi hata kuzungusha kwenye maduka ya mji mmoja.

Burt Williams na Ed Selyem walianza mwaka 1979 kutengeneza mvinyo kwenye gereji huko Forestville, kaunti ya Sonoma, kama kazi ya mwisho wa wiki. Mvinyo wao ulipopata jina walikuwa wakiwauzia kwa barua watu walioandikisha majina, na kampuni ya Williams Selyem ikawa mfano uliofuatwa na wengine hadi ilipouzwa mwaka 1998. Kule Napa, bonde lililo jirani na Sonoma, kiwanda cha Screaming Eagle walitoa mavuno yao ya kwanza, ya mwaka 1992, wakiwa na katoni zisizofika 250. Mwaka 2000, kwenye mnada wa hisani wa Napa Valley, chupa moja ya lita 6 ya mavuno hayo ilinunuliwa kwa dola 500,000. Tangu hapo jina kuwa kwenye orodha likawa mali, na viwanda vingi vikaiga utaratibu hata pale ambapo uhaba haupo.

Jambo la mwisho ni la sheria. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyohusu Michigan na New York, kwamba jimbo haliwezi kuviruhusu viwanda vyake kumpelekea mteja mvinyo nyumbani huku likivizuia vya majimbo mengine. Ndiyo maana leo kiwanda cha California kinaweza kumtumia mteja wa Texas, Minnesota au Ohio. Uamuzi huo ulihusu viwanda, si maduka. Majimbo yanayoruhusu duka la jimbo jingine likutumie chupa ni machache zaidi, kwa hiyo orodha ya mgao au klabu ya kiwanda inaweza kuwa njia pekee iliyo wazi kwako. Utah ndiyo ngumu kuliko zote, kwani mvinyo huko hupitia maduka ya serikali ya jimbo. Kabla ya jambo jingine lolote, fungua ukurasa wa kiwanda unaotaja majimbo wanakopeleka mzigo. Lako lisipokuwepo, mengine hayana maana.

Barua ya mgao, mstari kwa mstari

Kujiandikisha ni rahisi: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa kuthibitisha umefika miaka 21. Baada ya hapo unaingia foleni au unaingizwa moja kwa moja. Miaka hii mahitaji ya mvinyo Marekani yamepungua, na orodha nyingi zilizokuwa zimefungwa zimefunguka. Kwa hiyo usikubali kuharakishwa na neno "nafasi chache" kama ambavyo ingekubidi zamani.

Siku ya toleo, mara nyingi Februari au Machi na tena Septemba au Oktoba, barua inakuja. Tuchukue mfano wa barua ya kawaida. Mstari wa kwanza unasema: Pinot Noir, shamba fulani, mavuno ya 2022, dola 65, umetengewa chupa 3. Pembeni kuna kisanduku cha maombi ya ziada. Mstari wa pili: Pinot Noir ya shamba jingine, dola 65, umetengewa 3. Wa tatu: Chardonnay, yaani mvinyo mweupe, dola 45, umetengewa 3. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: dirisha, yaani muda wa kuagiza, linafungwa baada ya siku 14, mzigo utaondoka wiki ya pili ya Oktoba.

Soma hayo maandishi madogo kabla ya bei. Ndani yake kuna mambo manne yanayotofautisha orodha moja na nyingine.

La kwanza, je, chupa ulizotengewa ni zako mpaka dirisha lifungwe, au ni za anayewahi? Kuna viwanda vinavyokutengea kweli, na kuna vinavyoita mgao kitu ambacho kwa hakika ni mbio. Ikiwa ni mbio, unatakiwa kuwa kwenye simu saa ile ile barua inapotoka, na saa za California ziko saa 2 nyuma ya Houston na saa 3 nyuma ya Boston.

La pili, ukiruka toleo moja unapoteza nini? Wapo wasiojali. Wapo wanaokupunguzia chupa mwaka unaofuata. Wapo wanaolifuta jina lako ukiruka mara mbili. Kama halikuandikwa, uliza kwa barua fupi. Viwanda vidogo hujibu, tena mara nyingi anayejibu ni mwenye kiwanda au mkewe.

La tatu, je, kuna sharti la kununua hiki ili upate kile? Chardonnay ile ya dola 45 ikiwa ndiyo tiketi ya kupata Pinot, bei ya Pinot si dola 65 tena. Tutalipiga hesabu hilo hapa chini.

La nne, pesa inakatwa lini? Siku ya kuagiza au siku ya kusafirisha? Kati ya hizo mbili panaweza kupita miezi miwili. Kadi ikiisha muda wake katikati, au ukahama nyumba, mzigo unakwama ghalani na wewe hujui. Hili ndilo linalowapata watu mara nyingi zaidi, wala halina uhusiano wowote na mvinyo.

Kisanduku cha maombi ya ziada kinahitaji neno lake. Watu huomba chupa 12 wakitumaini kupewa 2. Katika miaka ya uhaba ilikuwa hivyo. Sasa kiwanda chenye bidhaa iliyobaki kinaweza kukupa zote 12, na kadi yako ikakatwa dola 780 kabla ya kodi. Omba idadi ambayo uko tayari kuilipa yote.

Na hakikisha barua inafika. Weka anwani ya kiwanda kwenye kitabu chako cha anwani ili isizame kwenye barua taka, na andika kwenye kalenda mwezi wa toleo. Mgao unaopotea kwa sababu barua haikuonekana huhesabiwa sawa na mgao ulioukataa.

Klabu

Klabu ni kitu kingine kabisa, ingawa watu huzichanganya. Huku hakuna kuchagua kila mara: umesaini kupokea, tuseme, chupa 4 mara tatu kwa mwaka, na kiwanda ndicho kinachopanga kilichomo. Faida yake inayotangazwa ni punguzo, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20, na kuonja bure ukitembelea. Masharti yake ni kubaki mpaka upokee mizigo miwili au mitatu ndipo uruhusiwe kujitoa.

Hebu tulipime hilo punguzo. Chupa 12 kwa mwaka, bei ya rafu dola 48, punguzo la asilimia 15: unalipa dola 40.80 kwa chupa, jumla 489.60. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 8, dola 39.17. Ongeza nauli ya mizigo mitatu, dola 30 kila mmoja, yaani 90. Jumla dola 618.77, sawa na dola 51.56 kwa chupa. Chupa hiyo hiyo ukiikuta dukani kwa dola 48 na kodi yake, ungelipa 51.84. Punguzo lote limeliwa na nauli, zimebaki senti 28.

Kwa hiyo klabu ina maana kwa mtu anayeishi karibu na kiwanda na kuchukua mzigo kwa mkono wake, au kwa mvinyo ambao dukani haufiki. Aliye Sacramento au Oakland ana sababu ya kuingia klabu ya Sonoma: anaokoa nauli, anaonja bure na wageni wake, na mvinyo hausafiri kwenye lori la joto. Aliye Columbus, Ohio, hana. Klabu nyingi sasa hukuruhusu kubadilisha kilichomo kabla ya mzigo kufungwa. Tumia nafasi hiyo kila mara, maana usipogusa unapewa kile ambacho kiwanda kinataka kukimaliza.

Soko la pili, na namna ya kuitazama chupa

Hapa hakuna foleni wala sharti. Unataka chupa moja ya mavuno ya 2016? Unanunua moja. Huu ndio mlango bora kwa anayetaka kuonja kabla ya kujifunga, na kwa maoni yetu kila mtu aupitie kwanza. Nunua chupa moja ya kiwanda unachokitamani, inywe kwa chakula chako cha kawaida cha Jumapili, kisha ndipo ujiandikishe.

Gharama yake ni mbili: kamisheni, ambayo kwenye minada mara nyingi inazidi asilimia 15 juu ya bei uliyoshinda nayo, na kutojua chupa ilikaa wapi. Kuhusu hili la pili, chupa ikikufikia usiifungue kwa pupa. Isimamishe wima mbele ya taa, uitazame kwa utaratibu huu.

Tazama kwanza usawa wa mvinyo. Kwenye chupa ya mabega, ile ya Cabernet (mvinyo mwekundu mzito), mvinyo usiozidi miaka kumi unapaswa kuwa shingoni kabisa. Ukiwa umeshuka hadi begani wakati chupa bado ni changa, hewa imeingia. Kwenye chupa ya Pinot isiyo na mabega, pima kwa rula kutoka chini ya kizibo: sentimita 2 au 3 si tatizo, 5 kwa chupa changa ni dalili mbaya.

Kisha pitisha kidole juu ya kizibo. Kikiwa kimeinuka na kuisukuma foili (kifuniko chembamba cha bati juu ya kizibo) ikafanya kibyongo, mvinyo uliwahi kupanuka, ama kwa joto ama kwa kuganda. Jaribu kuizungusha foili. Ikiwa imenata na ukaona mstari mkavu wa rangi ya zambarau unaoteremka shingoni, ulivuja. Foili nyingine zimebanwa kwa mashine na hazizunguki hata chupa ikiwa nzima, kwa hiyo usihukumu kwa foili peke yake. Ni ule mstari pamoja na kizibo kilichoinuka ndivyo vinavyotoa ushahidi. Mwisho, inamisha shingo mbele ya taa. Mvinyo mwekundu mchanga wenye kingo za rangi ya matofali umezeeka kabla ya wakati wake. Chembe kama sukari chini ya kizibo ni chumvi za asili za zabibu, hazidhuru.

Piga picha zote kabla ya kufungua. Nyumba ya mnada inayojiheshimu hurudisha pesa kwa chupa iliyovuja, lakini si kwa chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Kughushi kupo. Rudy Kurniawan, mfanyabiashara wa mvinyo, alipatikana na hatia New York mwaka 2013 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 10 jela kwa kutengeneza chupa bandia za mvinyo wa Ufaransa wa bei kubwa mno. Lakini anayeghushi hutafuta chupa ya maelfu ya dola. Kwenye chupa ya dola 80, adui yako ni joto, si mghushi.

Hatari nyingine ni ya maduka yanayouza mvinyo ambao bado haujafika ghalani. Duka moja lililojulikana sana huko Berkeley, California, lilifilisika Januari 2016 likiwa limechukua pesa za wateja wengi kwa mvinyo ambao halikuwa nao, na mwenye duka akafungwa. Kanuni ni nyepesi: kwenye soko la pili lipia chupa iliyopo, yenye picha yake.

Tuziweke pamoja

Mfano wetu wa Pinot ya dola 65. Kwa mgao: chupa 6 ni dola 390, kodi ya asilimia 8 ni 31.20, nauli tuseme 40. Jumla 461.20, karibu dola 77 kwa chupa. Dukani chupa hiyo imewekwa dola 90. Pamoja na kodi ni 97.20. Kwenye mnada umeshinda kwa dola 62, kamisheni ya asilimia 20 inaifikisha 74.40, kodi inaifikisha 80.35, na nauli ya chupa tatu iliyogawanywa inaongeza 10. Dola 90.35.

Mgao umeshinda kwa dola 20 dhidi ya duka, na kwa chupa 6 ni akiba ya dola 122. Hapo ndipo ile Chardonnay inapoingia. Kama sharti ni kuchukua chupa 3 za dola 45, hizo ni dola 135, na kodi zinakuwa 145.80. Akiba yote imekwenda, na umetoa nyingine 24 juu yake. Kama nyumbani kwako Chardonnay inanyweka, hakuna hasara, umenunua mvinyo. Kama hainyweki, ungenunua Pinot mbili dukani ukalala salama.

Mfano huu unageuka bei zinapogeuka. Kuna mvinyo mwingi wa mgao ambao mnadani unauzwa chini ya bei ya orodha, hasa wa viwanda vilivyopandisha bei haraka. Kila barua inapokuja, kabla ya kujibu, tafuta bei ya soko ya mavuno mawili yaliyopita ya mvinyo huo huo. Ikiwa soko liko chini ya orodha miaka miwili mfululizo, uanachama wako ni wa mapenzi, si wa bei. Mapenzi nayo ni sababu halali: kufuatilia shamba moja mwaka baada ya mwaka, ukionja mvua na jua lake, ni furaha ambayo duka haliwezi kukuuzia.

Miaka mingine ya shamba hilo itakuwa mibaya. Mwaka 2020 mioto ya nyika ilizunguka Napa na Sonoma. Moshi hushika kwenye ganda la zabibu, na kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda, ladha ya jivu huingia ndani. Viwanda vingi havikutoa mvinyo mwekundu wa mwaka huo kabisa. Vilivyotoa, swali la kuuliza ni moja: zabibu zilivunwa lini, kabla ya moshi au baada? Kiwanda kinachokujibu kwa tarehe kinastahili pesa yako hata mwaka ujao.

Safari ya chupa

Haya ni ya milango yote mitatu. Posta ya Marekani haibebi pombe; mzigo huja kwa UPS au FedEx, na lazima mtu mzima wa miaka 21 asaini akiwa na kitambulisho. Wengi wetu tuko kazini mchana, na zamu mbili hazimsubiri dereva. Akijaribu mara tatu bila kukukuta, mzigo unarudi California, na kiwanda kinakudai nauli ya kwenda na ya kurudi. Andika anwani ya kazini, au omba mzigo ushikiliwe kwenye kituo cha kampuni ya usafirishaji karibu nawe, ila piga simu kwanza kuhakikisha kituo hicho kinapokea pombe. Katoni ya chupa kumi na mbili ina uzito wa kilo 16 hadi 20. Usitume mtoto akaichukue, na sheria haimruhusu.

Mvinyo hupenda nyuzi joto 12 hadi 14 za Selsiasi. Siku nne ndani ya lori la Julai kuelekea Houston zinatosha kuupika, na mvinyo uliopikwa una ladha ya jamu ya zabibu kavu. Upande wa Minneapolis shida ni Januari: mvinyo huganda kwenye nyuzi 6 hadi 9 chini ya sifuri, unapanuka, unasukuma kizibo. Kiwanda kizuri kitakubali kuuhifadhi mzigo wako mpaka Oktoba au Aprili bila malipo. Omba kwa maandishi, na uombe tarehe.

Mtu binafsi haruhusiwi kumtumia mwingine chupa kwa kampuni hizo. Binamu yako wa jimbo jingine hawezi kukupelekea mgao wake. Kuuza chupa zako bila leseni pia ni kosa katika majimbo mengi, hata ukiuza kwa bei uliyonunulia. Ukizidiwa, pitia nyumba ya mnada yenye leseni.

Anayetaka kuwapelekea wa nyumbani ana njia ya begi. Mvinyo wenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hauna kikomo cha usalama wa ndege kwenye begi la chini, lakini kilo 23 zina kikomo, na chupa moja ni karibu kilo 1.3. Forodha ya Afrika Mashariki huruhusu lita 2 za mvinyo kwa msafiri bila ushuru, yaani chupa mbili. Zitie kila moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kwenye nguo nene, uziweke katikati ya begi, shingo zisiguse ukuta wake.

Nani aingie wapi

Anayekunywa chupa moja au mbili kwa mwezi asiwe kwenye zaidi ya orodha moja. Orodha tatu za chupa 6 mara mbili kwa mwaka ni chupa 36, na ghorofa ya vyumba viwili haina stoo ya nyuzi 13. Kabati la juu ya friji, ambako wengi huweka, ni miongoni mwa sehemu zenye joto zaidi jikoni. Kama huna friji ya mvinyo, nunua cha kunywa ndani ya mwaka, na hapo soko la pili linakufaa zaidi, chupa moja moja.

Anayependa aina moja, tuseme Zinfandel, mvinyo mwekundu, ya mizabibu mikongwe, aingie orodha yenye aina hiyo na bei ya kibinadamu. Turley Wine Cellars, iliyoanza mwaka 1993, ni ya namna hiyo: orodha ya kweli, mashamba mengi tofauti, na chupa nyingi ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzimudu. Zinfandel hiyo nzito, yenye kilevi kingi, inasimama vizuri na nyama choma na pilau yenye bizari. Pinot nyepesi ingepotea kwenye karafuu.

Anayewaza kununua ili auze baadaye kwa faida aache. Kati ya viwanda vyote vya orodha ni vichache sana ambavyo bei yao ya soko inabaki juu ya bei ya mgao baada ya kodi, nauli mbili na kamisheni ya muuzaji, na kwenye hivyo vichache foleni ni ya miaka.

Na ukiamua kutoka, toka kwa barua. Mistari miwili: asante, mwaka huu siwezi, naomba jina langu lipumzishwe. Viwanda vidogo vina kumbukumbu, na anayeaga hurudishwa kirahisi kuliko anayenyamaza madirisha mawili mfululizo. Ondoa pia kadi yako kwenye akaunti siku hiyo hiyo, hasa ukitoka klabu, na uhifadhi jibu lao mpaka msimu mmoja wa mizigo upite bila pesa kukatwa.